Kutoka 195 kwenda 205: tairi pana kwenye rimu ileile hubadilisha nini

Mwenye Toyota Premio, Allion au Wish akienda kununua matairi huwa anatafuta 195/65R15, saizi ambayo mengi ya magari hayo yalitoka nayo Japani. Dukani mara nyingi hukutana na pendekezo la 205/65R15. Muuzaji ana sababu tatu: gari litanyanyuka lisigonge matuta, litashika barabara zaidi, na ukilitazama kwa nyuma utaliona limekaa. Rimu ni zilezile, bei haipishani sana, na fundi pale nje anamalizia kwa kusema, "Hiyo inaingia bosi, tunawafungia wengi tu."

Kweli inaingia. Kwa gari hilo saizi hiyo si ya hatari, na sina ugomvi na wanaoifunga. Ugomvi wangu ni na hizo sababu. Ya kwanza ni kweli kwa milimita chache mno, ya pili inategemea mambo ambayo hayamo kwenye namba 205, na ya tatu nawaachia wenye macho yao. Tatizo ni kwamba mtu akishazoea kuona upana kama namba inayojitegemea, siku atakapokuwa na gari jingine atafanya vilevile, na huko rimu haitamvumilia.

Upana na kimo vimefungwa pamoja

Kwenye 195/65R15, ile 195 ni upana wa tairi kwa milimita, kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, likiwa limejaa upepo kwenye rimu ya kipimo maalumu. Si upana wa sehemu inayogusa lami, ambayo huwa nyembamba zaidi. R ni aina ya ujenzi wa ndani, radial, ambayo matairi karibu yote ya magari madogo siku hizi yanayo, na 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi.

Namba inayowachanganya wengi ni 65. Hiyo si milimita. Ni asilimia: kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana. Kwa hiyo ukiongeza upana na kuiacha 65 pale ilipo, tairi linapanuka na kurefuka kwa pamoja, utake usitake.

Tupige hesabu. Asilimia 65 ya 195 ni milimita 126.75. Ubavu uko juu na chini, kwa hiyo tunapata 253.5. Rimu ya inchi 15 ni milimita 381. Jumla, kipenyo cha tairi zima ni milimita 634.5. Fanya vivyo hivyo kwa 205/65R15 utapata 647.5. Tofauti ni milimita 13, yaani asilimia 2 na kidogo.

Milimita 13 zinasikika kama ushindi kwa mtu ambaye gari lake hugonga chini kila tuta. Lakini gari hukaa juu ya nusu ya kipenyo tu, kuanzia katikati ya gurudumu hadi ardhini. Nusu ya juu imejificha ndani ya fenda. Kwa hiyo gari lenyewe limepanda milimita 6.5. Hata unene wa penseli haufiki.

Mbona basi watu huapa kwamba gari limenyanyuka? Kwa sababu wamelinganisha tairi jipya na kipara. Tairi jipya la gari dogo huwa na kashata, yaani mikato ya usoni, yenye kina cha milimita 7 au 8 hivi, na tairi lililokwisha huenda limebakiwa na 2. Hapo tayari kuna milimita 5 au 6 ambazo wangezipata hata kwa kununua 195 mpya. Nusu ya mnyanyuko wanaousifu haukutokana na saizi kabisa.

Mwenye shida ya kugonga matuta aangalie springi na shokapu kwanza. Springi iliyobeba gari kwa miaka 15 hulegea, na ikilegea huweza kula milimita nyingi kuliko zile ambazo 205 inarudisha. Na kama kweli anataka kupanda kwa njia ya tairi, basi upana si njia yake. 195/70R15, yenye upana uleule wa awali, ina kipenyo cha milimita 654 na hulipandisha gari karibu milimita 10. Ila hapo inavuka kidogo asilimia 3, mpaka unaotumiwa na wengi wanaobadilisha saizi za matairi, kwa hiyo kuna gharama nyingine za kuangalia kwenye fenda na kwenye mshale wa spidi.

Upande wa pili yupo mtu anayetaka upana tu, bila kugusa kimo. Huyo anatakiwa kupunguza asilimia kila anapopanua. 205/60R15 ina kipenyo cha milimita 627, na gari litashuka karibu milimita 4. 215/60R15 ni milimita 639, na hiyo ndiyo iliyo karibu zaidi na kimo cha asili: juu kwa asilimia 0.7 tu. Ukiziangalia kwa kipenyo peke yake, 215/60 inaonekana chaguo safi kuliko 205/65 inayouzwa kila kona. Lakini subiri tufike kwenye rimu.

Mshale wa spidi na kilomita za dashibodi

Gari halijui limetembea umbali gani, linahesabu mizunguko. Tairi likiwa refu kwa asilimia 2, kila mzunguko unakwenda mbali zaidi kwa asilimia 2, na dashibodi haina habari. Mshale ukisoma 100, uko 102. Ukisoma 50 kwenye eneo la 50, uko 51, na tochi ya trafiki inapima gari, haipimi mshale wako.

Kwa kawaida hilo halitakuponza, kwa sababu mishale mingi hutoka kiwandani ikizidisha kidogo. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa inakataza mshale kuonyesha chini ya mwendo halisi, lakini unaruhusiwa kuzidisha kwa hadi asilimia 10 na kilomita 4 juu yake. Ile nafasi ndiyo unayoila unapofunga tairi refu. Ukiila kwa asilimia 2, hakuna shida. Ukifunga saizi ndefu kwa asilimia 5 au 6, basi umehamia upande ambao mshale unakudanganya kwa madhara yako.

Kuna jambo jingine hapa ambalo silisikii likisemwa sana. Watu wakifunga 205 hulalamika kwamba gari limeanza kula mafuta. Sehemu ya malalamiko hayo ni ya kweli, maana tairi pana na zito lina ukinzani mkubwa zaidi kidogo wa kuzunguka. Lakini sehemu nyingine ni dashibodi tu. Gari likitembea kilomita 10,000 za kweli, kilomita za dashibodi zitasoma 9,800 hivi. Lita ni zilezile, kilomita zimepungua kwenye karatasi, na mwenye gari anaona ulaji umepanda kwa asilimia 2 ambazo hazipo.

Tairi refu pia ni sawa na kuongeza urefu wa gia. Injini ya cc 1,800 haitajali. Gari la cc 1,000 lililojaza abiria na mizigo likiwa linapanda mlima Kitonga litajali, nawe utashuka gia mapema kuliko ulivyozoea.

Rimu ndiyo yenye uamuzi

Geuza rimu, tazama nyuma yake au karibu na tundu la valvu. Utakuta maandishi kama 15x6J. Ile 15 tunaijua. Ile 6 ni upana kwa inchi, kutoka pale midomo ya tairi inapokaa upande mmoja hadi upande wa pili, na J ni umbo la ukingo wa rimu. Huu upana wa inchi 6 ndio unaosema tairi gani linaruhusiwa, na ndio ambao dukani hauulizwi.

Kila saizi ya tairi ina wigo wa rimu zake, unaotolewa na viwanda vya matairi. 195/65R15 hukubali rimu za inchi 5.5 hadi 7. 205/65R15 hukubali 5.5 hadi 7.5. 215/60R15 huanzia 6 na kwenda hadi 8. Kwenye rimu ya 6J, kwa hiyo, zote tatu zinaruhusiwa, lakini hazikai sawa. 195 na 205 hupimwa upana wao zikiwa kwenye rimu ya inchi 6, kwa hiyo unapata milimita zote ulizolipia. 215/60 hupimwa kwenye rimu ya 6.5. Ukiifunga kwenye 6J itajibana, kwa sababu kila nusu inchi ya rimu hubadilisha upana wa tairi kwa milimita 5 hivi. Umelipia 215, umepata 210, na umekaa kwenye mpaka wa chini kabisa wa rimu inayoruhusiwa.

Tairi lililobanwa kwenye rimu nyembamba huwa na mbavu zilizofura kwa nje na uso uliobinuka katikati. Huo uso uliobinuka hula katikati kwanza, na watu hudhani upepo umezidi. Mbavu nazo zinacheza: unakata kona, usukani umeshageuka, mwili wa gari unafuata baadaye kidogo. Ikipita kiasi, katika kona kali na upepo mdogo, mdomo wa tairi unaweza kuachia ukingo wa rimu.

Kwenye Premio hufiki huko. Unafika huko haraka kwenye gari dogo lenye rimu ya 14x5J linalotumia 175/65R14. Mtu anasikia 195/60R14 ina kimo kinachokaribiana sana na cha kwake, na ni kweli, tofauti ni asilimia 1 tu. Lakini tairi hilo linaanzia rimu ya 5.5. Kwenye 5J halikubaliki, hata kama fundi ana mashine yenye nguvu ya kulibandika. Hapo kikomo chake ni 185/65R14.

Mfano mkubwa zaidi ni Land Cruiser mkonga, zile za mfululizo wa 70 zilizotoka na tairi la 7.50R16. Ni tairi refu na jembamba, kwenye rimu ya chuma ya vipande, yenye pete na tyubu, upana wake inchi 5.5. Mwenyewe akitaka sura ya kibabe anatazama 265/75R16, yenye kipenyo cha milimita 804 hivi. Kwa kimo inakaribiana na ile ya zamani, kwa hiyo mshale wa spidi hauna neno, gia hazina neno. Ila 265/75R16 inataka rimu ya inchi 7 kwenda juu. Hata 235/85R16, ambayo ni nyembamba zaidi, inaanzia 6. Kwenye rimu zile za 5.5 hakuna hata moja kati ya hizo mbili inayofaa, na anayezitaka anunue rimu kwanza. Jembamba lile la kiwandani, tena, halikuwekwa kwa ubahili: kwenye tope lenye ardhi ngumu chini yake, tairi jembamba hukata na kushuka hadi kwenye ugumu, wakati pana linaelea juu ya utelezi. Pana lina faida yake kwenye mchanga, hasa ukilipunguza upepo.

Je, linashika zaidi?

Chukua gari la kilo 1,200, tuseme uzito umegawanyika sawa, kila tairi linabeba kilo 300. Upepo wa psi 32 ni karibu kilo 2.25 kwa kila sentimita ya mraba. Gawanya 300 kwa 2.25: sentimita za mraba 133 ndizo zinazogusa lami. Upana wa tairi haumo kabisa kwenye hesabu hiyo. Si hesabu kamili, maana ubavu nao hubeba sehemu ya uzito, lakini inatosha kuonyesha kwamba kwa mzigo na upepo uleule, tairi pana haliongezi sana eneo linalogusa barabara. Hubadilisha umbo lake: eneo linakuwa fupi kwa mbele na nyuma, na refu kwa upande.

Umbo hilo lina faida kwenye kona, barabara ikiwa kavu. Gari linaitika haraka zaidi, na utalisikia. Kwenye maji mambo yanageuka. Tairi pana lina maji mengi zaidi ya kusukuma kutoka mbele yake kwa sekunde ileile, na likishindwa kuyasukuma hupanda juu yake, hapo usukani unakuwa mwepesi ghafla na breki hazina cha kushika. Kwa upepo uleule, pana hufika hapo kwa mwendo mdogo kuliko jembamba. Kwenye barabara zinazopitisha malori mengi, ambako magurudumu yao yamechimba mifereji miwili kwenye lami, maji ya mvua hukaa palepale tairi lako linapopita. Na hata pakiwa pakavu, tairi pana huifuata ile mifereji kwa ukaidi zaidi, ukawa unarekebisha usukani safari nzima.

Anayetaka breki nzuri aache kusoma 205 na ashushe macho ubavuni. Matairi mengi yana maandishi ya mfumo wa Marekani: TREADWEAR na namba, TRACTION na herufi, TEMPERATURE na herufi. TRACTION ni alama ya kushika lami na zege lenye maji kwenye breki ya kwenda moja kwa moja, na madaraja yake ni AA, A, B na C. Mimi ningechukua 195 yenye AA au A kabla ya 205 yenye B, bila kufikiri mara mbili. TREADWEAR kubwa maana yake tairi linategemewa kudumu zaidi, na mara nyingi, si kila mara, kudumu huko kunatokana na mpira mgumu.

Soma pia zile tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT ubavuni, ndizo zinazosema tairi lilitengenezwa lini. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi pana lililokaa stoo miaka sita si dili, hata likiwa linang'aa.

Upepo, mzigo na fenda

Baada ya saizi huja namba kama 91H. 91 ni uzito: kila tairi linaweza kubeba kilo 615. H ni mwendo wa juu wa kilomita 210 kwa saa. Ukibadilisha saizi, namba ya uzito isishuke chini ya ile ya kiwandani. 205/65R15 aghalabu huja na 94, yaani kilo 670, kwa hiyo umepata akiba. Lakini kuna matairi mapana ya kimo kifupi yenye namba ndogo, na hayo kwenye Noah inayobeba watu saba si mzaha.

Upepo ubaki ule wa stika iliyo kwenye mlango wa dereva, upimwe tairi likiwa baridi. Namba kubwa ya psi iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha juu tu, haimaanishi ujaze kiasi hicho, ingawa wapo wajazaji wanaoisoma hivyo.

Nafasi ndani ya fenda haijibiwi na jedwali lolote. Inajibiwa na gari lako. Ukitoka 195 kwenda 205 kwenye rimu ileile, kila upande wa tairi unasogea milimita 5, wa ndani kuelekea shokapu na wa nje kuelekea fenda, na juu linapanda milimita 6.5. Kabla hujalipa, piga magoti, pitisha kidole kati ya tairi la mbele na shokapu, halafu tazama kikombe cha springi kilicho juu ya tairi. Kama kidole kinapita kwa taabu, jibu umelipata.

Kama kinapita, mwombe fundi afunge moja la mbele kwanza. Kata usukani hadi mwisho kulia, kisha kushoto, gari likiwa chini na si kwenye jeki, kwa sababu kwenye jeki springi imenyooka na kila kitu kinaonekana kina nafasi. Pakia watu wanne wazima, zunguka mtaani upite tuta moja ukiwa umekata kona. Rudi utazame ile plastiki ya ndani ya fenda. Tairi likigusa huacha alama nyeusi inayong'aa, imelainika kabisa, tofauti na vumbi lililo pembeni yake. Ukiiona hiyo, rudisha tairi, maana mzigo wa sikukuu utakuwa mzito kuliko wale watu wanne. Spesa za kusogeza rimu nje utakazoambiwa ni dawa huhamisha tatizo kutoka kwenye shokapu kwenda kwenye fenda, na huongeza mzigo kwa beringi.

Magari yanayosukumwa na magurudumu yote manne, kama Subaru Forester, hayana hiari ya kununua mawili sasa na mawili mwezi ujao. Subaru hutaka mzingo wa matairi yote manne usipishane zaidi ya robo inchi, milimita 6 hivi. 205/65 mbele na 195/65 nyuma hupishana zaidi ya milimita 40, na mfumo unaogawa nguvu kati ya mbele na nyuma utakuwa unapambana na tofauti hiyo kila mita unayotembea, hadi uungue. Kwa gari la kusukumwa na mbele pekee, hilo halitaua giaboksi, ila breki na kona hazitakuwa na uhakika.

Na spea? Wengi hununua manne na kuiacha 195 ya zamani kwenye buti. Kwa Premio inatosha kukufikisha kwa fundi wa pancha, mwendo wa pole. Ukiamua kununua la tano, libebe rimu na tairi ulijaribu kwenye shimo la buti kabla ya kulipa, kwa sababu shimo hilo lilichongwa kwa tairi la awali, na lile jipya linaweza kulizuia zulia lisilale sawa.